UZI: Corona na damu kuganda. Homa ikiisha, bado angalia mguu na pumzi

MrijaSamawati (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni.

Mijadala mingi ya corona humu huishia kwenye mapafu: kikohozi, mitungi ya oksijeni, mashine za kupumulia. Mimi nafanya kazi ya maabara hapa Nairobi, upande wa damu, na nina jambo moja la kusema. Corona huingilia puani na mapafuni, lakini sehemu kubwa ya madhara yake makali hutokea ndani ya mishipa ya damu. Madhara hayo hayafuati ratiba ya homa. Mtu hupona kikohozi, akarudi kazini, akapanda matatu zake kama kawaida, kisha wiki kadhaa baadaye donge la damu likamwangusha. Watu wakauliza amekula nini.

Nieleze inavyokwenda, kwa sababu ukielewa chanzo utajua cha kuogopa na cha kuacha.

Tangu karne ya 19, daktari Mjerumani Rudolf Virchow anatajwa kwa mambo matatu yanayofanya damu igande mahali isipostahili. Kwanza, damu kutembea polepole au kusimama. Pili, ukuta wa ndani wa mshipa kujeruhiwa. Tatu, damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Maradhi mengi huleta moja au mawili. Corona kali huyaleta yote matatu kwa mgonjwa mmoja, na hapo ndipo ilipowashangaza madaktari mwaka 2020.

Ukuta wa ndani wa mshipa una utando wa seli laini sana ambao kazi yake mojawapo ni kuzuia damu isishike. Utando huo ukijeruhiwa, damu hunata pale kama uji kwenye sufuria iliyokwaruzwa. Kirusi cha corona hushika kwenye seli kupitia kipokezi kinachoitwa ACE2, na kipokezi hicho kipo pia kwenye seli za utando huu. Aprili 2020 madaktari wa Zürich, Uswisi, walieleza waliyoyaona kwenye maiti za wagonjwa wa corona: seli za utando wa mishipa zimevamiwa na kinga ya mwili na zinakufa, tena katika viungo kadhaa, si mapafu peke yake.

Seli hizo zikiumia hutoa protini ya von Willebrand, ambayo kazi yake ni kuzikamata chembe sahani (zile chembe ndogo zinazoziba kidonda) na kuzibandika ukutani. Wakati huohuo kinga ya mwili imeshavuka mpaka. Seli nyeupe aina ya neutrofili hupasuka na kutupa nje nyuzi za DNA zake kama nyavu za kunasa vijidudu. Nyavu hizo hunasa pia chembe sahani na chembe nyekundu, na donge linapata pa kuanzia. Ini nalo, likisikia hatari, huongeza kutengeneza fibrinojeni, ile malighafi ya nyuzi za fibrini zinazofunga donge lote. Ongeza mgonjwa aliyelala siku nyingi bila kusogeza miguu, ana homa, hanywi maji. Virchow wote watatu wamefika.

Maabara tunaiona hali hii kupitia kipimo cha D-dima. Mwili ukianza kulivunja donge la fibrini, hubaki vipande, na D-dima ni kimoja cha vipande hivyo. Kwa kawaida hutakiwa kuwa chini ya nanogramu 500 kwa mililita. Wagonjwa wa corona waliokuwa mahututi walivuka kiwango hicho mara nyingi sana. Tangu ripoti za mwanzo za Wuhan ilionekana kwamba waliokufa walikuwa na D-dima iliyo juu kuliko waliopona.

Nawaomba sana, msikimbilie maabara kila mtu na shavu lake la mguu kudai kipimo hiki. D-dima hupanda pia kwa mjamzito, kwa mzee, kwa aliyefanyiwa upasuaji, kwa mwenye nimonia yoyote. Ikiwa juu haithibitishi kwamba una donge. Ikiwa chini, kwa mtu ambaye daktari ameona hatari yake ni ndogo, ndipo husaidia kweli: huondoa shaka. Aamue daktari. Na ukitolewa damu kwenye mrija wa kifuniko cha samawati, hakikisha umejaa hadi mstari. Mle ndani kuna dawa ya kuzuia damu isigande, imepimwa sehemu moja kwa sehemu tisa za damu. Mrija ukijazwa nusu, jibu linapotoka na mgonjwa anatibiwa kwa namba isiyo yake. Hili huniuma kila nikiletewa sampuli pungufu.

Karibuni kwa maswali.

---

BodaPipeline

Asante mkubwa. Mimi nilishikwa na hiyo kitu 2021, nikakaa ndani, nikapona. Niko chini ya miaka 40, sina sukari wala presha. Hii ya damu kuganda si ni ya wazee na wale wa ICU?

---

MrijaSamawati

Ndugu, wa ICU ndio walio hatarini zaidi, hilo ni kweli. Mwaka 2020 Waholanzi walichunguza wagonjwa 184 wa corona waliokuwa ICU na kukuta asilimia 31 wamepata matatizo ya damu kuganda, mengi yakiwa donge mapafuni. Na wote walikuwa wanapewa dawa ya kuzuia. Ufaransa nako, kati ya wagonjwa 29 wa ICU waliowekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mashine za 28 ziliziba kwa damu kuganda ndani yake. Ukifanya kazi na damu kila siku, namba hiyo huisomi mara moja ukaendelea na chai.

Lakini tatizo haliishii ICU. Uswidi walifuatilia zaidi ya watu milioni moja waliopimwa wakakutwa na corona, na matokeo yakachapishwa 2022. Hatari ya donge kwenye mishipa ya mguu ilibaki juu kwa miezi mitatu baada ya kuambukizwa, na hatari ya donge mapafuni kwa miezi sita. Hata ambao hawakulazwa hospitali hatari yao ilipanda, ingawa kidogo kuliko waliolazwa.

Nikupe pia upande wa pili usije ukakosa usingizi. Katika siku 30 za mwanzo, waliopata donge mapafuni walikuwa kama 17 katika kila watu 10,000. Bila corona, hakufika hata mmoja katika 10,000. Kwa hiyo kwako wewe uliyepona tangu 2021, muda huo umepita. Ukiambukizwa tena, saa inaanza upya.

Na umri si kinga kamili. Mwigizaji wa Kanada Nick Cordero alikuwa na miaka 41. Corona ilimletea matatizo ya damu kuganda, akakatwa mguu wa kulia, na Julai 2020 akafariki.

---

Mwalimu_Umoja

Nimesoma huu uzi mara mbili. Ndugu yangu alifariki 2021. Alikuwa ameshatoka hospitali, anakula, anatembea hadi dukani. Asubuhi moja akasema kifua kinamchoma akivuta pumzi, akainuka kwenda msalani, akaanguka. Hakufika popote. Kwenye cheti waliandika damu iliganda mapafuni. Kwa mazishi huko nyumbani maneno yalikuwa mengi, kwamba amepewa kitu na watu wa kazini. Mpaka leo kuna watu wawili wa ukoo hawaongei kwa sababu ya hayo maneno. Naomba unieleze donge linafikaje mapafuni kama alikuwa ameshapona mapafu.

---

MrijaSamawati

Pole sana mwalimu. Poleni nyote.

Mara nyingi donge la namna hiyo halizaliwi mapafuni. Huanza kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) kubwa za ndani ya mguu au paja, ambako damu hupanda kwa kusukumwa na misuli ya miguu. Mtu akilala sana, msukumo unapungua na donge linakua taratibu, pengine bila maumivu. Siku kipande kinapokatika, hufuata mkondo wa damu: tumboni, upande wa kulia wa moyo, kisha kwenye mishipa ya mapafu ambayo hugawanyika na kuwa myembamba. Hapo kinakwama. Kikiwa kidogo, mtu anahisi kichomi na pumzi fupi. Kikiwa kikubwa, upande wa kulia wa moyo unashindwa kusukuma dhidi ya kizuizi na mtu anaanguka ghafla, mara nyingi akiwa ameinuka tu kitandani au anakwenda msalani, kama ulivyosimulia.

Kwa corona kuna njia ya pili pia: damu kugandia palepale mapafuni, kwenye kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu). Mwaka 2020 watafiti walilinganisha mapafu ya watu waliokufa kwa corona na ya waliokufa kwa homa ya mafua makali. Vidonge vidogo vya damu kwenye kapilari za vifuko vya hewa vilikuwa mara tisa zaidi kwa wa corona.

Waonyeshe hao wawili wa ukoo maelezo haya, ikiwa unaona yatasaidia. Hakuna mtu aliyempa kitu.

---

DaktariWaZamu

Nichangie upande wa matibabu kwa sababu najua swali la aspirini linakuja.

Waliolazwa kwa corona hupewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sindano chini ya ngozi ya tumbo, kwa kipimo cha kuzuia. Swali lililotusumbua lilikuwa: tuwape kipimo kikubwa cha kutibu hata kabla donge halijaonekana? Agosti 2021 majaribio matatu makubwa yaliyounganishwa yalitoa jibu ambalo wengi hatukulitarajia. Kwa waliolazwa lakini hawajafika ICU, kipimo kikubwa kilisaidia. Kwa waliokuwa tayari mahututi hakikusaidia. Tafsiri yangu ni kwamba kuna dirisha, na likishapita, uharibifu wa mishipa umeshakwenda mbali kuliko heparini inavyoweza kufuata.

Aspirini ilijaribiwa Uingereza katika utafiti wa RECOVERY kwa wagonjwa karibu 15,000 waliolazwa. Haikupunguza vifo, na kutoka damu kuliongezeka kidogo. Kwa hiyo usiende chemisti ukanunua aspirini ukaanza kumeza kila asubuhi eti umeshikwa na corona. Kama daktari wako alikuandikia kwa ajili ya moyo, endelea nayo, hiyo ni habari nyingine.

Nyongeza ya kisayansi: mwaka 2020 watafiti wa Michigan waliwapima wagonjwa 172 waliolazwa na wakakuta nusu hivi wana kingamwili zinazoshambulia mafuta ya utando wa seli zao wenyewe. Kingamwili za aina hiyo tunazijua kwenye ugonjwa unaogandisha damu na kuharibu mimba. Nyingine ya 2024, kutoka San Francisco: protini ya mwiba ya kirusi hujibandika moja kwa moja kwenye fibrini, na donge linalotokea ni gumu kuyeyuka na linachochea kinga zaidi. Yaani huenda donge si matokeo tu ya ugonjwa, nalo huuendesha.

---

KaribuKayole

Mbona mnaongea corona tu? Ile chanjo ndiyo iligandisha watu damu, nchi za Ulaya zikaisimamisha. Sisi tukaendelea kudungwa. Hilo hamtaki kulisema.

---

MrijaSamawati

Ni swali la haki na nitalijibu moja kwa moja.

Kenya ilianza kuchanja Machi 2021 kwa AstraZeneca, na mwezi huohuo nchi kadhaa za Ulaya ziliisimamisha kwa muda. Sababu ilikuwa ya kweli. Watu wachache walitengeneza kingamwili dhidi ya protini ya chembe sahani inayoitwa PF4. Chembe sahani zikapungua, na hapohapo damu ikaganda sehemu zisizo za kawaida, kama vena za ubongo. Ilitokea kwa kama mtu mmoja kati ya 100,000, ikitofautiana kwa umri na nchi. Baadhi walikufa. Familia zao zinastahili kusikilizwa, si kunyamazishwa.

Sasa weka mizani. Uingereza walichunguza takwimu za watu zaidi ya milioni 29 waliochanjwa. Wakakadiria kwamba katika kila watu milioni 10 waliopata AstraZeneca, 66 zaidi ya kawaida wangelazwa au kufa kwa damu kuganda kwenye vena. Katika kila milioni 10 walioambukizwa corona yenyewe, wangekuwa 12,614. Hofu yako kuhusu chanjo ina msingi. Hofu hiyohiyo, kwa kipimo hichohicho, ingetufanya tuikimbie corona mara nyingi zaidi.

---

KaribuKayole

Hizo namba sikuwa nimeziona zikiwekwa pamoja. Nitazisoma mwenyewe. Asante kwa kunijibu bila matusi.

---

BintiKisauni

Salaam alaykum nyote. Mimi nina maswali ya kina mama. Dada yangu ana ujauzito wa miezi saba na wiki iliyopita amepimwa ana corona, hajalazwa. Mama mkwe wake anampa tangawizi, vitunguu saumu na ndimu kutwa mara tatu, asema vinalainisha damu. Na mguu wa kushoto umeanza kuvimba, ila wanamwambia ni mimba tu.

---

DaktariWaZamu

Waalaykum salaam dada. Nianze na mguu. Mimba huvimbisha miguu yote miwili, tena jioni zaidi. Mguu mmoja tu kuvimba, hasa wa kushoto, kwa mjamzito, ni alama ambayo hatuisubirishi: mji wa mimba hubana vena ya upande huo zaidi. Mimba yenyewe huifanya damu iwe nyepesi kuganda, na corona inaongezea. Apelekwe hospitali leo, si kesho, afanyiwe ultrasaundi ya mishipa ya mguu. Kipimo hicho hakina mionzi na hakimdhuru mtoto. Akikutwa na donge atapewa heparini, ambayo haivuki kwenda kwa mtoto.

Wasimkande. Huo mguu usisuguliwe kwa maji moto wala mafuta. Donge linaweza kukatika.

Tangawizi kwenye chai haina ubaya. Kumtibu donge, haitamtibu.

---

BintiKisauni

Nampigia sasa hivi.

---

MrijaSamawati

Tujulishe dada. Wakati tunasubiri, niongeze kwa wengine wenye wagonjwa nyumbani. Wenye selimundu (sickle cell) wako kwenye hatari kubwa ya damu kuganda hata bila corona, na hapa mjini familia nyingi zenye asili ya Magharibi na Pwani wanao. Vilevile aliyewahi kupata donge zamani, mwenye saratani, anayetumia tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni, aliyevunjika mguu akafungwa plasta. Hao wakipata corona, hata iliyo nyepesi kama mafua tu, wamwambie daktari historia hiyo bila kungoja kuulizwa.

Dalili za kukimbilia hospitali ni hizi: mguu mmoja kuvimba, kuuma au kuwa moto, pumzi kukatika ghafla, kichomi ukivuta hewa, kukohoa damu, kuzimia. Uso kupinda, mkono kulegea au maneno kuchanganyika ni kiharusi, nacho pia corona huweza kukileta. Usiku wa manane, mvua, foleni ya Jogoo Road, haijalishi. Tafuta gari.

---

StimaIliyopotea

Mimi ni mwaka wa tatu nachoka tangu niugue corona. Nikipanda ngazi mpaka orofa ya pili nakaa chini. Nimepimwa moyo, kifua, damu, kila kitu wanasema kiko sawa. Nimesoma kuna watu wanasema ni vidonge vidogo vya damu. Ni kweli?

---

MrijaSamawati

Hapo tunakwenda kwenye utafiti unaoendelea, na nitakuwa mwangalifu. Anayejulikana zaidi kwa wazo hilo ni Profesa Resia Pretorius wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini. Yeye na wenzake walionyesha vidonge vidogo sana vya fibrini iliyojikunja vibaya kwenye damu ya watu wenye corona ya muda mrefu, na kwamba vimeng'enya vya mwili vinashindwa kuvivunja vizuri. Wazo lao ni kwamba vinazuia oksijeni kufika kwenye misuli. Wanasayansi wengine wanapinga, wanasema vidonge hivyo vinaonekana pia kwa watu wengine na havijathibitika kuwa ndivyo chanzo. Maabara zetu za kawaida hazina kipimo hicho, kwa hiyo kuambiwa kila kitu kiko sawa hakumaanishi unajisingizia.

Ninachokuomba: usikubali kuuziwa dawa za kuyeyusha damu kwa nadharia hii. Dawa hizo zinaweza kuua kwa kumfanya mtu atoke damu tumboni na kichwani. Na uchovu wako ni wa kweli.

---

BintiKisauni

Wamemlaza. Ultrasaundi imeonyesha donge kwenye paja. Ameanza sindano. Daktari wa pale kasema afadhali amekuja leo. Allah awalipe kheri.

---

Mwalimu_Umoja

Alhamdulillah kwa niaba yako dada, ingawa mimi ni Mkristo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

---

MamaWaDonholm

Niulize la mwisho kabla sijalala. Mzee wangu alipata donge baada ya corona na yuko kwenye warfarini. Kuna mtu kliniki alimwambia asiguse sukuma wiki tena maishani. Sasa nyumba nzima tunakula kabichi. Ni lazima?

---

DaktariWaZamu

Si lazima mama. Warfarini hufanya kazi kwa kuizuia vitamini K, ambayo mwili huitumia kugandisha damu, na sukuma wiki, mchicha na mboga nyingine za kijani kibichi zina vitamini K nyingi. Shida ni kubadilisha ghafla. Akila sukuma kila siku, wiki hii akaacha kabisa, damu yake inakawia mno kuganda na anaweza kutoka damu. Akirudia ghafla kwa sahani kubwa, dawa inazidiwa na damu inaganda. Ale kiasi kilekile kila wiki, na dawa ipimwe kulingana na chakula chake. Kwa kuwa mmeshaacha, msirudishe yote kwa siku moja. Mwambieni daktari mnaanza tena, apimwe INR (kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda) ndani ya wiki. Kwa wengi wenye donge la mguu au mapafu tunataka iwe kati ya 2 na 3. Ikitoka nje ya hapo, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Usimpunguzie wala usimwongezee kidonge mwenyewe, na asimeze dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki bila kuuliza.